Maswali ya Wasomaji: Profaili za Amplifaya na Sauti Halisi ya Gitaa la Umeme

Barua nne tulizozichagua mwezi huu, zote kutoka Dodoma na mkoa jirani wa Singida, zinahusu jambo moja: mashine na programu zinazonakili tabia ya amplifaya halisi ya gitaa na kuihifadhi kama faili ambalo wapigaji wenyewe wamezoea kuliita profaili. Nimezipanga ili jibu la barua ya kwanza lisaidie kuelewa yanayofuata, kwa hiyo naomba zisomwe kwa mfuatano.

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mpiga solo katika kwaya ya usharika wetu hapa Kikuyu. Mwaka jana nilinunua pedali ya kidijitali yenye profaili za amplifaya za valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Nyumbani, nikisikiliza kwa hedifoni, sauti ni tamu kabisa. Kwenye mazoezi niliichomeka kwenye amplifaya yetu ndogo ya gitaa, sauti ikawa nzito kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Rafiki yangu akanishauri nizime sehemu ya spika iliyomo ndani ya pedali, na kweli sauti ikafunguka. Jumapili nikaichomeka moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, ikawa kali kama mbu sikioni, hadi mwalimu wa kwaya akanionyesha kwa mkono nipunguze. Je, pedali ni mbovu, au hizi profaili si sauti ya kweli? (Mpiga solo, Kikuyu, Dodoma)

Amina, ndugu yangu. Pedali yako ni nzima, na ushahidi umo katika barua yako mwenyewe. Ulizima spika ya ndani siku ya mazoezi, kisha Jumapili ukaenda kanisani bila kuiwasha tena. Sauti uliyoisikia kwenye miksa ilikuwa sauti ya amplifaya isiyo na spika, na sauti hiyo haikukusudiwa kufika kwenye sikio la binadamu.

Amplifaya ya gitaa ina sehemu tatu zinazofanya kazi pamoja: sehemu ya mwanzo inayokuza na kuitengeneza sauti, sehemu ya nguvu inayosukuma spika, na spika yenyewe ndani ya sanduku lake. Watu wengi huihesabu spika kuwa ni mlango tu wa kutolea sauti, ilhali spika ya gitaa ya inchi 12 ni chujio kali: hupitisha sauti vizuri hadi karibu hezi 5,000 (yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde), na juu ya hapo nguvu yake hushuka kwa kasi. Ukali wote unaozaliwa pale sauti inapoanza kukwaruza hufia hapo. Spika za kanisani zimetengenezwa kwa kusudi tofauti, kwa kuwa zina honi au twita inayofikisha hezi 15,000 na zaidi ili maneno ya mhubiri na herufi za waimbaji zisikike waziwazi. Gitaa lililokosa chujio likipitia kwenye honi hizo, linageuka mbu.

Hali ya blanketi ilikuwa kinyume chake. Profaili nyingi huchukuliwa kwa maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya spika ya amplifaya inayonakiliwa, kwa hiyo ndani ya faili tayari mna amplifaya, spika na maikrofoni. Ulipoichomeka kwenye amplifaya ya gitaa, sauti ilichujwa na spika mara mbili, na ilipita pia katika sehemu ya mwanzo ya amplifaya yenu, ambayo ina tabia yake. Ushauri wa rafiki yako ulikuwa sahihi kwa mahali pale. Kama amplifaya yenu ina tundu la kurudishia efekti upande wa nyuma, chomeka humo badala ya tundu la mbele, kwa sababu utakuwa umeiruka sehemu ya mwanzo na kutumia nguvu na spika peke yake.

Hifadhi basi mipangilio miwili yenye majina yasiyoweza kuchanganywa, mmoja uuite KANISA, ambamo spika ya ndani imewashwa kwa ajili ya miksa na hedifoni, na wa pili uuite MAZOEZI, ambamo imezimwa kwa ajili ya amplifaya ya gitaa.

Hata ukishafanya hivyo, yawezekana Jumapili ijayo sauti ikawa bado ni kali kuliko ulivyoizoea nyumbani, na hilo lina sababu ya pili. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell nchini Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti za juu kwa uwiano uleule katika kila kiwango cha sauti. Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi nyingi na sehemu ya sauti za juu, na sauti ikikuzwa, hivyo vyote hurudi. Mtu anayetengeneza toni yake usiku chumbani kwa sauti ya chini huongeza besi na ukali bila kujua kwamba anafidia upungufu wa sikio, na akifika ukumbini, nyongeza hiyo inajitokeza yote kwa pamoja. Omba ufunguo siku ya katikati ya wiki, fungua vyombo kwa sauti ileile ya ibada, mwachie mwenzako gitaa, nawe nenda ukae kwenye mabenchi ya waumini na urekebishe ukiwa huko. Kata kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, kwa kuwa waya mnene wa gitaa ukiwa wazi unaanzia hezi 82 na eneo la chini ya hapo ni la besi na kinanda. Kata pia kilicho juu ya hezi 6,000 au 7,000. Makanisa yetu mengi yana paa la bati na sakafu ya saruji, hivyo jengo lenyewe linatoa mwangwi wa kutosha. Mwangwi wa pedali upunguze hadi karibu usisikike.

Umeuliza kama hii ni sauti ya kweli, nami nalichukulia swali hilo kwa uzito. Profaili ni sauti ya kweli ya amplifaya kama inavyosikika kupitia maikrofoni, na haidai kuwa sauti ya amplifaya kama inavyosikika na mtu aliyesimama hatua mbili mbele yake, akiisikia pia miguuni na kifuani. Mpigaji aliyezoea hali hiyo ya pili huhisi kwamba kuna kitu kimeibwa. Lakini kumbuka kwamba magitaa yote tuliyoyapenda kwenye rekodi za bendi za dansi zilizofanywa na Radio Tanzania Dar es Salaam tuliyasikia kupitia maikrofoni, kisha kupitia redio ya nyumbani, na hakuna aliyesema kuwa si ya kweli. Wanaokusikiliza kanisani wamekaa upande huo wa maikrofoni.

Shikamoo, mwalimu. Nipo Mpwapwa, nina kompyuta mpakato na kadi ndogo ya sauti yenye matundu mawili. Wenzangu wa Dodoma mjini wanasema huwezi kutumia profaili bila kununua mashine ya Kemper, wengine wanasema zipo za bure. Nimepakua moja nikaijaribu, lakini gitaa linachelewa na linakwaruza hata nikipiga taratibu. Tena, karibu profaili zote ninazoziona ni za roki nzito, ilhali mimi napenda kupiga gitaa la dansi la zamani. Nianzie wapi? (Kijana wa Mpwapwa)

Marahaba, kijana wangu. Wenzako wa mjini wanasema jambo lililokuwa kweli miaka michache iliyopita. Zamani kidogo, aliyetaka kuiga amplifaya kwa njia ya kidijitali aliichambua sakiti yake kipande kwa kipande na kuandika hesabu za kila kipande. Ndiyo njia iliyozaa vifaa kama Roland VG-8 ya mwaka 1995 na POD ya Line 6 ya mwaka 1998. Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper, ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa sintesaiza ya Access Virus, alikuja na mashine isiyohitaji kujua kilichomo ndani ya amplifaya. Inaipelekea amplifaya sauti za majaribio, inasikiliza zinavyotoka upande wa pili, inalinganisha kilichoingia na kilichotoka, kisha inajitengenezea nakala ya tabia hiyo. Kutoka hapo neno profaili likaenea.

Baadaye wengine waliifanya kazi hiyohiyo kwa mitandao ya neva, yaani programu inayojifunza kwa kurudia mfano mara nyingi hadi makosa yake yawe madogo. Neural DSP ya Ufini ilitoa Quad Cortex mwaka 2021, na IK Multimedia ya Italia ikatoa ToneX mwaka 2022. Iliyo muhimu zaidi kwako ni Neural Amp Modeler, iliyoanzishwa na Steven Atkinson, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kwa kompyuta na kadi uliyonayo, hiyo inakutosha. Uwe mwangalifu tu unapopakua, kwa sababu faili la Kemper halifunguki kwenye Neural Amp Modeler, wala la ToneX halifunguki humo.

Kuchelewa kwa gitaa hakusababishwi na profaili. Kompyuta haishughulikii sauti tone kwa tone. Inakusanya kwanza sampuli kadhaa, yaani vipimo vidogovidogo vya sauti, kisha inazishughulikia kwa pamoja. Kadi ikifanya kazi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na ikakusanya 512 kwa mkupuo, kila mkupuo unachukua karibu milisekunde 11, na sauti inasubiri hivyo wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Ukipunguza hadi sampuli 64, mkupuo unakuwa milisekunde 1.3 tu. Kwa kulinganisha, sauti hewani huchukua karibu milisekunde 3 kusafiri mita moja, kwa hiyo anayepiga akiwa mita mbili kutoka kwenye amplifaya yake anasubiri milisekunde 6 bila kulalamika. Anza na 128, kisha jaribu 64. Kama ni Windows, weka draiva ya ASIO (programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kadi bila kuchelewa sana) iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako, funga programu nyingine zote, na ondoa mpangilio wa kubana umeme wa betri. Sauti ikikatikakatika, kompyuta imelemewa. Tafuta matoleo mepesi ya profaili, ambayo yapo kwa makusudi hayo.

Kuhusu kukwaruza, kagua kwanza tundu unalotumia. Pikapu za gitaa, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zinahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, takribani megaohmu 1, na kadi nyingi huwa nalo likiwa na alama ya gitaa au kitufe cha kuchagua. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida la laini, sauti za juu zinapotea na utahangaika kuzirudisha kwa kuongeza ukali usio na uhai. Kisha shusha kitasa cha kuingizia hadi karibu na chini kabisa, piga nyuzi zote sita kwa nguvu zako zote, na uhakikishe taa nyekundu haiwaki. Amplifaya ya valvu haijibu kwa uwiano ulionyooka: ukiisukuma kidogo inaimba, ukiisukuma zaidi inabana na kuanza kukwaruza. Profaili imejifunza tabia hiyo. Ukiingiza sauti kubwa kuliko ile iliyotumika wakati wa kunakili, utaamsha mkwaruzo ambao mwenye amplifaya hakuusikia katika kipimo kile, kisha utailaumu profaili bure.

Sasa tuje kwenye dansi, ambako moyo wangu upo pamoja na wako. Sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz. Gitaa la solo linatamka kila noti, na nyuma yake rizimu inasuka mstari wake bila kumkanyaga mwenzake. Magitaa mawili au matatu yanayojibizana hivyo hayavumilii mkwaruzo mwingi, kwa kuwa mkwaruzo hujaza nafasi zote kati ya noti, na nafasi hizo ndizo anazotumia mwenzako. Tafuta profaili za amplifaya safi za Fender, au za Vox AC30 iliyofunguliwa kidogo tu, ambamo sauti ni safi ukipiga taratibu na inanguruma kwa mbali ukigonga nyuzi kwa nguvu. Hizo zinapakuliwa na watu wachache kwa sababu hazishtui katika sekunde kumi za kwanza, lakini ukikaa nazo kwa wimbo mzima ndipo utajua thamani yake. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba profaili ya kawaida imenakili vitasa vya amplifaya vikiwa mahali pamoja tu. Ukitaka sauti safi zaidi, usishushe kitasa cha programu ukidhani amplifaya halisi ingefanya vivyo hivyo. Shusha sauti kwenye gitaa lenyewe, kama wazee walivyofanya, au uchague profaili nyingine ya amplifaya ileile iliyochukuliwa katika kipimo cha chini. Mwangwi wa kurudiarudia, ambao ni sehemu kubwa ya sauti hiyo ya zamani, haumo ndani ya profaili. Uongeze baada yake.

Habari za kazi. Sisi huku Manyoni tuna kikundi kinachochanganya gitaa na ala za Kigogo. Je, tunaweza kutengeneza profaili ya ilimba au zeze ili tupige kwa gitaa na ipatikane sauti ya ala hizo? (Kikundi cha Manyoni, Singida)

Haiwezekani kwa njia hii, nami naona ni vema iwe hivyo. Profaili inanakili kifaa ambacho sauti inaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine ikiwa imebadilishwa. Ilimba haina upande wa kuingilia. Sauti inazaliwa humo humo, kwenye vyuma vinavyoguswa na vidole. Mnachoweza kufanya ni kuiwekea ilimba pikapu ya kubandika na kuipitisha kwenye profaili ya amplifaya safi, jambo ambalo nimelisikia likifanywa vizuri sana. Msiweke mkwaruzo, kwa sababu tayari upo: mafundi wa Kigogo hutoboa matundu kwenye sanduku la ilimba na kuyaziba kwa utando mwembamba wa mayai ya buibui, ili kila noti ifuatwe na mvumo mdogo. Mvumo huo huongeza sauti za juu zinazoandamana na noti ya msingi, na valvu iliyosukumwa hufanya jambo la jamii hiyohiyo kwa gitaa. Mwenye sikio lililolelewa na ilimba ana mahali pazuri pa kuanzia anapochagua kiasi cha mkwaruzo: mvumo unaofuata noti, kamwe usiifunike.

Mheshimiwa mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari Kondoa. Kikundi cha muziki cha wazee wetu kina amplifaya ya valvu ya miaka mingi. Fundi anasema valvu zimechoka na vipuri ni shida kupatikana. Nataka kuinakili kabla haijazimika kabisa. Nimeazima maikrofoni ya Shure SM57 na kadi ya sauti. Nianze vipi, na je, naweza kuchomoa spika na kuchomeka waya kutoka tundu la spika kwenda kwenye kadi ya sauti? (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, naanza na swali lako la mwisho: tafadhali usifanye hivyo kabisa. Tundu la spika hutoa volti nyingi kuliko kadi ya sauti inavyoweza kuhimili, na kadi itaungua. Amplifaya nayo itakuwa hatarini, kwa kuwa amplifaya ya valvu haipaswi kuwashwa na kupigwa bila spika yenye ohmu zinazoitosha. Ikikosa mzigo huo, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuharibika, nayo ndiyo kipuri kigumu kuliko vyote kukipata. Acha spika mahali pake na utumie maikrofoni. Usifungue pia kasha lake mwenyewe: ndani mna volti 300 hadi 500, na kapasita huweza kubaki na umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Umefikia uamuzi mzuri, nami nakuomba uongeze jambo moja kabla hujamruhusu fundi kubadilisha valvu. Mwulize kama amplifaya inaweza kufanya kazi kwa saa moja bila hatari. Akikubali, nakili kwanza ilivyo sasa, kwa sababu sauti ambayo wazee wenu wameizoea na kuipenda huenda ni hiyohiyo ya valvu zilizochoka, na ikishatengenezwa haitarudi. Baada ya matengenezo, nakili tena. Akisema ni hatari, basi matengenezo yatangulie, wala usibishane naye.

Sasa umeme. Hakikisha amplifaya imewekwa kwenye volti 230 za kwetu. Zipo nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa volti 110 hadi 120 za Marekani, na hizo lazima zipitie transfoma ya kushusha. Umeme ukishuka jioni watu wanapowasha majiko na taa, amplifaya ya valvu hupoteza nguvu na kuwa laini zaidi, na hayo nayo yatanakiliwa. Chagua saa ambayo umeme umetulia, na uiache amplifaya ipate joto kwa nusu saa kabla ya kuanza.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa kanda hii ya kati. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi yetu hukauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo nondo ya ethi iliyofanya kazi vizuri Februari inaweza kuwa dhaifu Septemba. Dalili yake kwenye gitaa ni mngurumo wa hezi 50 unaobadilika ukigusa nyuzi. Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili za mwezi Oktoba nikirudia kunakili amplifaya moja hapa Dodoma, nikidhani kasoro iko kwenye waya wa maikrofoni, hadi fundi umeme alipopima ethi ya jengo na kukuta karibu haipo. Mwite fundi umeme apime kabla ya siku ya kazi. Chomeka amplifaya na kadi kwenye soketi moja ili ethi yao iwe moja, na uiache kompyuta itumie betri yake wakati wa kurekodi. Wapo wanaokata waya wa ethi kwenye plagi ili mngurumo uondoke. Nimeona jambo hilo likifanywa katika makanisa na kumbi, na nasema kwa uchungu kwamba mwenye gitaa mkononi na mdomo kwenye maikrofoni anaweza kuuawa nalo.

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maandalizi yake. Neural Amp Modeler hutoa faili la sauti za majaribio la takribani dakika 3. Utalipiga kutoka kwenye kadi kwenda tundu la gitaa la amplifaya, na wakati huohuo utarekodi kile maikrofoni inachosikia. Ugumu uko kwenye kiwango, kwa kuwa sauti inayotoka kwenye kadi ni kubwa kuliko ya gitaa na ukinzani wake ni tofauti. Kipo kisanduku maalumu cha kuishusha na kuilinganisha, na ukikipata kiazime. Usipokipata, fanya hivi: rekodi gitaa lako kupitia kadi likicheza mstari mmoja wa wimbo, kisha uupige mstari huo kutoka kwenye kadi kwenda kwenye amplifaya, ukilinganisha na gitaa lenyewe lililochomekwa moja kwa moja. Anza na sauti ya chini kabisa na upandishe polepole hadi amplifaya ianze kunguruma kwa kiasi kilekile katika hali zote mbili. Hapo ndipo uache kitasa, na usikiguse tena.

Mahali pa maikrofoni panastahili muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na hapa ndipo naona watu wakiharakisha. Isogeze hadi sentimita 3 hivi kutoka kwenye kitambaa cha spika. Katikati ya koni sauti ni kali na ya kung'aa. Ukisogea kuelekea ukingoni inakuwa nene na yenye giza. Sentimita 2 tu zinabadilisha sauti kuliko kitasa chochote cha amplifaya. Mwombe mzee mmoja apige kama anavyopiga siku zote, nawe ukae chumba kingine na hedifoni, huku mwanafunzi akisogeza maikrofoni kwa maelekezo yako. Ukipata mahali, mwite mzee naye asikilize, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua sauti hiyo, na neno lake lipite neno lako. Ndipo ubandike alama sakafuni na kwenye kitambaa.

Kabla ya kurekodi, zima mwangwi na mtetemo wa amplifaya kama unavyo, kwa sababu programu inajifunza jibu la papo kwa papo na haiwezi kujifunza vitu vinavyorudi baada ya muda au vinavyopanda na kushuka vyenyewe. Rekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, bila taa nyekundu kuwaka. Funga madirisha, na uchague saa ambayo upepo haupigi bati. Faili utakalopata litakuwa na takribani megabaiti 27. Kuifundisha programu kunahitaji kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, lakini kazi hiyo inaweza kufanyika kwa intaneti kwenye kompyuta za mbali kupitia Google Colab, ambayo ina kiwango cha bure; bando la kawaida linatosha kupandisha faili hilo. Mwishoni utapewa namba inayoonyesha tofauti kati ya nakala na asili. Ikiwa chini ya 0.01, nakala ni nzuri sana. Ikizidi sana hapo kwa amplifaya isiyokwaruza mno, kagua mngurumo na mwangwi kwanza.

Usiishie kwenye nakala moja. Chukua moja kwa kila hatua ya kitasa cha sauti, kwa mfano kwenye 3, 5 na 7, maikrofoni ikiwa mahali palepale. Katika jina la kila faili weka aina ya amplifaya, namba za vitasa vyote, umbali wa maikrofoni, tarehe, na volti za umeme zilizopimwa siku hiyo. Hifadhi pia rekodi ghafi pamoja na faili la majaribio ulilolitumia, katika sehemu mbili tofauti, kwa sababu programu hizi zinaboreshwa kila mwaka, na ukiwa na rekodi hiyo utaweza kuifundisha programu mpya sauti ya amplifaya hiyo hata baada ya amplifaya yenyewe kunyamaza.